Uzi wa Kijani

Abdulghafur: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

Fondo: Hebu kisia.

Abdulghafur: Kama watafuta duka la mikeka umekosea tena. Ya kwao inaishia sita, yangu inaishia—

Fondo: Ni mimi, Gafuri. Fondo.

Abdulghafur: Fondo! Fondo wa Relwe! Masalkheri, bwana wangu!

Fondo: Alkheri. Wambaje?

Abdulghafur: Mzima, alhamdulillahi, magoti ndiyo si yangu tena. Lakini ngoja— leo umepiga wewe? Ni nani aliyekuzungushia namba?

Fondo: Vidole vyangu. Nimehesabu vitundu. Nimeingia nyumba mbili za watu kabla ya kukupata.

Abdulghafur: Mashallah! Mimi bandarini nilikuwa na karani mwenzangu kipofu hivyo hivyo. Haoni hata jua. Lakini akipapasa gunia la kahawa, akwambia mkulima wake ana watoto wangapi na yupi ana kikohozi.

Fondo: Huyo ulishanihadithia. Mara ile alikuwa kiziwi.

Abdulghafur: [anacheka] Basi walikuwa wawili. Hawajambo hapo Tudor? Priscah?

Fondo: Binti yangu hajarudi kutoka kazini. Niko peke yangu huku ghorofani, mimi na kiti na simu.

Abdulghafur: Na macho je?

Fondo: Macho yalikwisha, Gafuri. Mwaka wa tatu huu. Waniuliza kana kwamba yamekwenda Marikiti na yatarudi na kikapu.

Abdulghafur: Astaghafirullah, ulimi tu. Nisamehe. [muziki unasikika kwa mbali] Sasa, bwana, tukae tukijua, nitakupigia Ijumaa kama kawaida—

Fondo: Muziki gani huo?

Abdulghafur: Muziki? Jirani.

Fondo: Jirani yuko ndani ya simu yako?

Abdulghafur: Kibokoni kuta ni nyembamba, wajua mwenyewe.

Fondo: Kuta za Kibokoni ni za mawe, upana wake dhiraa nzima. Nimezilalia. Nimepiga kwa ajili ya kitabu.

Abdulghafur: Kitabu kipi tena? Kile cha sonara si tulikimaliza Ijumaa?

Fondo: Ndilo ninalouliza. Tulikimaliza?

Abdulghafur: Ala! Fondo! Tangu uhamie Tudor, kila Ijumaa baada ya alasiri nani anayekupigia? Nani anayekusomea sura nzima mpaka koo lakauka kama kaa la moto? Ni mimi au ni shetani?

Fondo: Ni wewe. Sikukatai.

Abdulghafur: Basi! Ijumaa nimekusomea mwisho, sonara na mkewe wakarudiana, raha mustarehe, kitabu nikafunga.

Fondo: Wakafungua shampeni.

Abdulghafur: Wakafungua... ndiyo.

Fondo: Siyu. Wakati wa masultani. Sonara Mbaraka, hafidhi wa Kurani, akafungua shampeni.

Abdulghafur: Ilikuwa sharbati. Mwandishi amepamba. Waandishi wanapamba, Fondo.

Fondo: Gafuri, uzi uliukata siku gani?

Abdulghafur: [laini inakwaruza] Haloo? Wanikatikia. Haloo?

Fondo: Sijakukatikia. Uzi. Uliukata siku gani?

Abdulghafur: Uzi gani, ndugu yangu?

Fondo: Usinifanyie hivyo. Kila kitabu tulichonunua sisi wawili, mimi nusu wewe nusu, tangu tukiwa vijana wa kusimamisha kola, mke wangu Mirriam alikishona sura ya mwisho. Kwa sindano na uzi, ukingoni, kurasa zote pamoja, asiwepo wa kumtangulia mwenziwe. Na kilishonwa kwa sababu ya nani?

Abdulghafur: Ah, yale ya zamani—

Fondo: Kwa sababu ya nani?

Abdulghafur: [taratibu] Yangu mimi. Kitabu cha kwanza nilikimaliza kwa wizi, nikaja kukupasulia mbele ya baraza nzima kwamba muuaji ni kadhi.

Fondo: Wiki mbili sikusema nawe. Ndipo Mirriam akatoa sindano. Na siku ya kufungua twaja kwako, kahawa iko jikoni, watu wamejaa barazani mpaka njiani, yeye yuko nyuma ya mlango na mama watoto wako, nawe wakata uzi. Hakujua kusoma, lakini hakuna aliyekuwa na kiu ya ule mwisho kama yeye.

Abdulghafur: Allah amrehemu. Najua. Nakumbuka.

Fondo: Hiki cha sonara ndicho alichoshona mwisho. Hakusubiri kufunguliwa kwake. Mimi nikashindwa kukifungua, macho yakaondoka, nikakukabidhi wewe. Sasa waniambia umefika mwisho, na hukunitajia uzi. Nimekaa siku nne nikifikiri, labda amesahau kuniambia.

Abdulghafur: Basi nilikuwa nakuficha. Sikutaka uhuzunike. Uzi haukukatwa na mkono wa binadamu, Fondo.

Fondo: Enhe.

Abdulghafur: Yule paka wa Kuze. Yule mwenye jicho moja, aliyeiba kichwa cha jodari harusini. Ameingia dirishani, nami nimesinzia kitabu kifuani, akauvuta uzi kwa meno, akaumeza wote! Wallahi mtaa mzima umeshuhudia. Wiki nzima apita Ndia Kuu na ncha ya uzi yaning'inia nyuma, na watalii wampiga picha.

Fondo: [anacheka kidogo] Uzi wa rangi gani huo uliomning'inia?

Abdulghafur: Rangi?

Fondo: Si watalii wamepiga picha.

Abdulghafur: Mweupe. Mweupe ulioanza kuchafuka.

Fondo: Kijani, Gafuri. Kijani kibichi. Ulibaki Mirriam alipokutilia viraka kanzu yako ya Idi. Wewe mwenyewe ulicheka siku ile, ukasema kitabu kimevaa kanzu yako.

Sauti ya mwanamke: Haloo? Haloo! Hapo ni kwa mpishi wa biriani?

Abdulghafur: Toka kwenye laini, mama, tunazungumza watu hapa!

Sauti ya mwanamke: Na mimi nazungumza! Nataka sufuria tatu za Jumapili!

Fondo: Mama, laini zimegongana. Weka chini upige upya.

Sauti ya mwanamke: Nimeshaweka mara nne, narudi kwenu tu. Haya, malizeni. Nangoja.

Fondo: Sawa, ngoja. Gafuri, upo?

Abdulghafur: Nipo.

Fondo: Nikwambie nilijua lini?

Abdulghafur: Usiniambie.

Fondo: Ule ukurasa mke wa sonara alipopanda farasi. Nikasema, Siyu, farasi, haya, labda alitoka Uarabuni. Ijumaa ya pili akaanguka ngazi akasahau jina lake. Nikanyamaza. Ya tatu akatokea pacha wake, amefungwa kitambaa jicho moja, ana wakili. Ya nne yule pacha akaja kwa helikopta.

Sauti ya mwanamke: Heee! Hiyo mbona—

Fondo: Ngoja, mama. Nikamuuliza Priscah, ati helikopta zilikuwako enzi za masultani? Akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Baba, hiyo si kitabu. Hiyo ni ya tivii, ya kila Jumanne, wale Wameksiko."

Sauti ya mwanamke: Ndiyo hiyo! Na imekwisha wiki jana, wakaoana!

Abdulghafur: Mama, nakuomba kwa heshima yako—

Sauti ya mwanamke: Nimenyamaza.

Fondo: Jumanne watazama, Ijumaa wanisomea. Wamvua Meksiko kofia, wamvika kilemba, wamwita Mbaraka.

Abdulghafur: [kwa sauti ndogo] Walikuwa wazuri lakini. Ulikuwa ukiuliza maswali. Ulikuwa ukisema, "Usikome hapo, Gafuri."

Fondo: Nilisema.

Abdulghafur: Basi nani aliyeumia? Ulipata hadithi.

Fondo: Kile kitabu nimekisoma mimi mpaka kwenye uzi. Nakijua neno kwa neno. Nilikuomba unirudishie tangu mwanzo kwa sababu nilitaka kukisikia, si kwa sababu sikijui. Kwa hiyo tangu lile neno la kwanza la uongo nilijua.

Abdulghafur: Miezi mitatu?

Fondo: Miezi mitatu.

Abdulghafur: Na ukaniacha niseme mahelikopta kama punguani? Mbona hukunizuia?

Fondo: Ningekuzuia, ungepiga simu ya nini?

Abdulghafur: [laini inakwaruza]

Fondo: Ijumaa mimi huketi karibu na hii simu tangu saa nane. Nikiwa na kiu siendi jikoni kunywa maji, nisije nikaikosa. Kibokoni na Tudor, Gafuri, si Hijazi. Mara ngapi umekuja?

Abdulghafur: Magoti, Fondo—

Fondo: Sikuulizi magoti.

Abdulghafur: Sikia. Nikwambie kweli, na hii haina paka ndani yake. Mwanangu aliponunua hili sanduku la tivii nilimwambia, liweke chumbani kwako, mimi nina vitabu. Akaliweka hapa sebuleni. Usiku wa kwanza nikalipa mgongo. Wa pili nikalipa ubavu. Sasa... Sasa nikifungua kitabu, bwana, mistari minne tu. Jicho laniponyoka. Narudi juu, nasoma tena ile minne, laponyoka tena. Hata likiwa limezimwa, nalitazama. Natazama kioo cheusi, kitabu ki magotini.

Fondo: Wewe. Wewe uliyesoma manifesti za meli, orodha za mizigo, kwa raha ukikosa kitabu.

Abdulghafur: Mimi. Shule nilikwenda miezi saba, yaliyobaki nilijifunza kwenye magazeti waliyofungia samaki. Nani angenifikiria? Na si mimi tu. Ile baraza unayoisema wewe, watu bado wanakuja. Lakini wameipa njia mgongo, wanachungulia dirishani kwangu. Sharifu mzima, na mswaki wake mdomoni, auliza, "Pacha amekwisha kufa?"

Fondo: Kitabu kiko wapi?

Abdulghafur: Kipo. Kipo mahali pa heshima.

Fondo: Wapi?

Abdulghafur: Juu ya... mahali palipoinuka.

Shukri: [kwa mbali] Baba, ndicho kile cha chini ya tivii?

Abdulghafur: Shukri, nyamaza!

Shukri: Mimi nasikia mkikitafuta, nasaidia tu. Si kile ulichokitia chini ya mguu mfupi wa meza, picha isiiname?

Abdulghafur: Fondo. Mkaza mwanangu ni mtoto, haelewi—

Fondo: Ameelewa vizuri kabisa. Mwambie akitoe.

Abdulghafur: Sasa hivi?

Fondo: Sasa hivi, mimi nasikia.

Abdulghafur: Shukri, mwanangu, inua meza kidogo. Kidogo tu.

Shukri: Baba, inaanza! Hii ni mpya, ndiyo sehemu ya kwanza, ukikosa ya kwanza huelewi tena!

Abdulghafur: Inua, nimesema! [kishindo, watoto wanapiga kelele] Taratibu! Haya. Haya, ninacho. Ninacho mkononi.

Fondo: Kikoje?

Abdulghafur: Jalada lina alama ya mguu wa meza. Duara. Kwingine kizima. Bado chanuka karafuu.

Fondo: Uzi?

Abdulghafur: Upo, Fondo. Wa kijani. Mishono... saba, minane... kumi na mmoja. Midogo midogo, kama mchwa waliojipanga safu. Haujaguswa.

Fondo: Fundo la mwisho liko chini au juu?

Abdulghafur: Chini. Amelifunga mara mbili.

Fondo: Ndiye. [anapumua] Kata.

Abdulghafur: Tungoje. Nije nacho huko. Jumanne ijayo— si Jumanne, Jumatano. Nichukue teksi, nije tukate tukiwa tumekaa pamoja, kama zamani.

Fondo: Jumatano ipi, Gafuri? Kata. Weka mkono wa simu hapo karibu, nisikie mkasi.

Abdulghafur: Shukri, mkasi. Asante. Bismillahi. [mlio mdogo, mwingine, mwingine] Umesikia?

Fondo: Nimesikia.

Abdulghafur: Nimeutoa wote. Haukubaki hata kipande.

Fondo: Soma.

Abdulghafur: Miwani. Ngoja. Haya. "Sura ya Thelathini na Moja." [anakohoa] "Mbaraka aliposimama mbele ya mlango wake mwenyewe, hakubisha. Aliweka kiganja juu ya mbao, akasikiliza. Ndani, mtu alikuwa akitembea kwa nyayo anazozijua, na kila hatua ile bangili aliyoitengeneza kwa mikono yake ililia, maana yake bado ilikuwa mkononi, na maana yake bado ilikuwa na siri ndani."

Fondo: [polepole] Hakuifungua.

Abdulghafur: Hakuifungua, bwana! Miaka yote ile!

Sauti ya mwanamke: Jamani, ni ipi hiyo? Bangili gani?

Fondo: Upo bado, mama?

Sauti ya mwanamke: Niende wapi? Endelea, baba, endelea.

Fondo: Endelea, Gafuri.

Abdulghafur: "Akakumbuka usiku aliotia ile karatasi ndani ya dhahabu, ndogo kama punje, na lile neno moja aliloliandika." [muziki mkubwa unaanza, ngoma, gita] "Akakumbuka usiku aliotia ile karatasi ndani ya dhahabu..."

Shukri: Watoto, kaeni! Ndiye huyo, ndiye huyo mwenye shamba!

Abdulghafur: "...ndogo kama punje, na lile neno moja..." [kimya]

Fondo: Neno gani?

Abdulghafur: Ee?

Fondo: Neno gani alilolitia ndani?

Abdulghafur: Nakuja, nakuja. "Akakumbuka usiku aliotia ile karatasi ndani ya dhahabu, ndogo kama—"

Fondo: Mara ya tatu.

Abdulghafur: Nini?

Fondo: Sentensi hiyo umeisoma mara tatu.

Abdulghafur: Sijaisoma mara tatu.

Sauti ya mwanamke: Umeisoma, baba.

Abdulghafur: Ni kelele hizi! Shukri, punguza! Fondo, nipe dakika, nizime, nakuapia nazima—

Fondo: Usizime. Wataka watoto waje waambiwe na nani sehemu ya kwanza ilikuwaje?

Abdulghafur: Fondo, usinifanyie hivyo. Kitabu kiko mkononi. Kiko wazi. Kurasa tisa tu zimebaki, nimehesabu. Tisa!

Fondo: Kishone.

Abdulghafur: Nifanyeje?

Fondo: Kishone tena, Gafuri. Uzi wowote utakaouona. Hata mweupe.

Abdulghafur: Na mwisho wake? Hutaki kulijua neno? Mirriam mwenyewe—

Fondo: Mirriam alikuwa akingoja nyuma ya mlango kwa sababu alijua mbele kuna mtu anayesoma. Priscah yuko ngazini, nasikia viatu vyake. Lala salama.

Abdulghafur: Ijumaa! Ijumaa nitakupigia, baada ya alasiri, kama kawaida! Nitakusomea kweli, Fondo, bila farasi, bila—

Fondo: Ijumaa hiki kiti nitakiweka dirishani, mbali na simu. Kwa heri, bwana.

[simu inawekwa chini upande mmoja]

Abdulghafur: Fondo? Haloo! Fondo!

Sauti ya mwanamke: Ameshaweka. Mimi nipo, lakini. Nisomee mimi, baba. Lilikuwa neno gani?

Abdulghafur: [muziki unapanda, watoto wanacheka]

Sauti ya mwanamke: Baba? Ndani ya bangili. Lilikuwa neno gani?

Abdulghafur: [kwa mbali, mkono wa simu ukiwa umeshuka] Shukri... huyo mwenye masharubu ni nani?